Mkono Uliorudi Nyuma

Mama Pindo hakuitwa hivyo kwa ajili ya mtoto. Mtoto Mungu hakumjalia, na juu ya hilo alishasali, akalia, akanyamaza. Jina lilitokana na kazi. Pindo la gauni akilishona yeye, ulikuwa unatafuta mshono ulipoanzia na usiuone. Kuna wateja waliokuwa wakishonewa nguo kwingine, kisha wanaileta kwake imekunjwa kwenye mfuko, wanasema kwa aibu kidogo, "Nifanyie pindo tu, Mama." Naye anaipokea, anaigeuzageuza, anaguna. Kile kiguno kilikuwa kinatosha.

Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha, juu ya kipande cha zulia. Aliachiwa na mama yake mzazi. Ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika pale mkono unapopita. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuikalia. Mumewe aliwahi kuweka kikombe cha chai juu ya meza yake, ikawa kesi ya wiki nzima.

Cherehani hiyo ilikuwa na ugonjwa, na Mama Pindo aliujua vizuri. Gurudumu la mkono lilikuwa limelegea. Ukilizungusha, lilikwenda kidogo bure kabla sindano haijasikia kitu. Kwa hiyo kila akitaka kuanza mshono, alilisukuma nyuma kidogo, kidogo tu, kama mtu anayekohoa kabla ya kuongea, halafu ndipo akalivuta mbele, likashika, miguu ikafuata. Fundi wa mashine alishamwambia, "Mama, hii gia imeliwa, ibadilishwe." Akamjibu, "Kabadilishwe wewe kwanza." Walicheka, chai ikanywewa, gia ikabaki vilevile. Miaka ikapita, na mkono wake ukazoea kurudi nyuma hata bila kuulizwa.

Sasa kukawa na chuo cha ushonaji kilichofundisha kwa njia ya mtandao. Wanafunzi wengi walikuwa wanawake wenye nyumba zao, hawawezi kuacha watoto na sufuria kila siku wakaenda kukaa darasani. Walisomea kwenye simu, na siku za vitendo tu ndipo walifika chuoni kukalia mashine. Lakini masomo ya kusoma yaliwapita juu. Ukimwandikia mtu "zungusha gurudumu, shusha mguu wa cherehani", naye hajawahi kuishika, ni sawa na kumwelezea mtu utamu wa chumvi. Ndipo Mkuu wa chuo akatafuta binti mchoraji wa katuni, na binti akaelekezwa kwa Mama Pindo.

Siku hiyo Mama Pindo alipaka mikono mafuta mara mbili. Alivaa gauni la ibada, ingawa aliambiwa itakayoonekana ni mikono tu. Binti mchoraji akaingia na begi lake, vifaa visafi, kamera, taa ndogo ya miguu mitatu, kompyuta nyembamba kama sahani. Akavipanga kwenye zulia.

"Hii siyo video ya kutazama, Mama," alieleza. "Video mtu anaitazama huku anatafuna karanga, ikiisha hajui kitu. Hii ni katuni ambayo mwanafunzi anaiendesha mwenyewe. Cherehani iko kwenye kioo cha simu. Anavuta uzi kwa kidole, anautunga, anazungusha gurudumu. Akipatia, ua linachanua kwenye kitambaa. Akikosea, uzi unakatika palepale, anaanza upya. Hakuna kitambaa kilichoharibika wala kidole kilichochomwa."

"Makubwa! Na mimi hapo ni nani?"

"Wewe ndiye mkono. Nitaunakili kila unavyokwenda."

Mama Pindo akakaa, akashona. Binti akapiga picha kwa juu, kwa ubavuni, akamwomba arudie taratibu. Akanakili mpaka kovu la pasi lililokuwa kwenye kidole gumba, kwa sababu alisema linaupa mkono uhai. Halafu akasimama, akatazama kompyuta yake kwa makini.

"Mama, samahani. Hapa mwanzo mkono wako unarudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Hiyo ni ya lazima, au nimwache mwanafunzi aende mbele moja kwa moja?"

Hapo ndipo lilipotakiwa neno moja dogo la kweli. Angesema tu, "Hapana mwanangu, huo ni ugonjwa wa mashine yangu." Lakini alitazama vile vifaa visafi juu ya zulia, akatazama cherehani yake yenye maua yaliyofutika, akaona haya. Binti huyu aliambiwa anapelekwa kwa fundi hodari, aje aambiwe fundi hodari anashonea mtambo mbovu? Akacheka, akampiga binti kofi dogo la begani.

"Hiyo ndiyo siri ya fundi. Usiiache."

Binti akaandika.

Na Mama Pindo, Mungu amsamehe, siku hiyohiyo akasahau.

Somo likatoka, likapendwa. Wanawake waliokuwa wameshindwa hata kutunga uzi sasa walikaa mlangoni wanachambua mboga, simu imeegeshwa kwenye ungo, kidole kinazungusha gurudumu. Mama Pindo akawa mtu mkubwa. Dukani walimwita Mwalimu Mkono. Baada ya ibada wanawake walimshika ile mikono, wakaigeuza, wakalitafuta kovu. "Ndilo lenyewe!" Naye akasema, "Tumshukuru Mungu tu," huku shingo imenyooka kama ya twiga.

Ndani ya nyumba yake mwenyewe kulikuwa na mwanafunzi. Huyo ni wifi yake, dada mdogo wa mumewe, aliyehamia kwao baada ya duka alilokuwa akiuza kufungwa. Mwanamke mpole, mcheshi akiwa na raha, lakini raha siku hizo ilikuwa chache. Kukaa nyumbani kwa kaka mkubwa, unakula, unafua, unajiona umezidi kwenye kila chumba, si jambo dogo. Alijiandikisha kwenye masomo ya simu bila kumwambia mtu. Nia yake ilikuwa moja: apate cheti, apate kazi ya kushona sare chuoni, apange chumba chake.

Kwenye simu alikuwa bingwa. Mwanzoni alisukuma gurudumu mbele moja kwa moja, uzi ukakatika, simu ikaandika "Rudia." Akatazama tena ule mkono wenye kovu. Aa! Kumbe kwanza nyuma, halafu mbele. Maua yakachanua kitambaa kizima. Alimpelekea Mama Pindo simu kumwonyesha.

"Wifi, tazama. Nimekuwa wewe."

"Bado sana," alijibu Mama Pindo, lakini alifurahi.

Kisha ikaja siku ya vitendo. Wifi akaenda chuoni asubuhi akiimba, akarudi mchana kimya. Kitambaa alichorudi nacho alikificha chini ya kanga. Walipokaa kula, kaka yake akamuuliza habari za chuo, ikabidi akitoe. Chini ya kitambaa, pale mshono ulipoanzia, uzi ulikuwa umejisokota kama nywele zilizotoka kwenye kitana. Kila mstari vilevile.

"Unakatika," alisema. "Nafanya kila kitu kama kwenye simu, unakatika. Mkuu amesema anayeshindwa siku ya mtihani wa vitendo anatolewa darasani."

Mama Pindo akakichukua kile kitambaa. Akakigeuza. Akaguna. Na kwa vile siku hizo ulimi wake ulikuwa umenenepa kwa sifa, akasema:

"Wifi, mikono yako hiyo ni ya kupakua, siyo ya kushona."

Mumewe akacheka mpaka akapaliwa. Wifi naye akacheka, cheko lile la mtu aliyepigwa mbele za watu. Akachukua upawa, akawaongeza mboga wote wawili. Tangu siku hiyo, kila chakula kilipofika mezani kaka yake alisema, "Mikono ya kupakua, njoo ufanye kazi yako," na yeye akaja.

Aliomba kitu kimoja tu. "Wifi, ungeniruhusu nijaribu kwenye cherehani yako? Hata mstari mmoja."

"Hiyo haikaliwi na mtu. Unajua."

Alijua. Hakuomba tena.

Asubuhi ya mtihani Mkuu wa chuo alimpigia simu Mama Pindo. Alimwomba afike kumsaidia kuchuja, maana darasa lilikuwa kubwa na walimu wachache. "Wewe utapita tu, Mama. Unaona mikono, unanionyesha nani aendelee na nani apumzike nyumbani." Mama Pindo akavaa lile gauni la ibada.

Alipoingia, wanafunzi walisimama. Chumba kilikuwa kirefu, kina madirisha ya juu, mashine mpya zimepangwa kama madawati, zinanuka mafuta. Wengine walimpigia makofi. Wifi yake alikuwa safu ya kwanza, amejiinamia.

"Haya, anzeni," alisema Mkuu.

Mikono yote ikaenda kwenye magurudumu. Na mikono yote, mirefu na mifupi, yenye hina na yenye sugu, ya watu ambao Mama Pindo hajawahi kuwaona, ikarudi nyuma kidogo. Kidogo tu. Kama mtu anayekohoa kabla ya kuongea.

Aliuona mkono wake ukifanywa na chumba kizima.

Halafu akasikia nyuzi. Uzi ukikatika hausikiki, lakini zikikatika nyingi kwa pamoja chumba kinavuta pumzi. Mashine zile zilikuwa nzima. Magurudumu yake hayakuwa yamelegea. Ukisukuma nyuma, sindano nayo inarudi nyuma, uzi unalegea chini, unajisokota, na ukivuta mbele unakatika. Alijua yote haya. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza angefundishwa hayo na mwalimu mkweli.

"Unaona, Mama?" Mkuu alimnong'oneza. "Wavivu. Kwenye simu wamejaza maua, hapa hawajui kitu. Wanacheza tu."

Midomo ya Mama Pindo ikafunguka. Na kilichotoka, mpaka leo akikikumbuka hufumba macho, kilikuwa hiki:

"Labda ni uzi. Uzi wa siku hizi mbovu."

Uzi ukabadilishwa. Walimu wasaidizi wakazunguka na maboksi. Mikono ikarudi nyuma, nyuzi zikakatika.

"Labda sindano," akasema.

Sindano zikabadilishwa. Wanawake wazima wanalamba ncha za nyuzi, wanafinya macho, wanatunga upya. Mmoja akaanza kulia bila sauti huku anaendelea kutunga. Kila mmoja aliinama kuficha kitambaa chake, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake, kama vile wifi alivyokificha chini ya kanga. Wengine walimtazama Mama Pindo kwa macho ya kumwomba radhi. Yeye! Wao ndio wanamwomba radhi!

Kutoka safu ya nyuma ikasikika mashine moja ikishona, inakwenda mfululizo bila kukwama. Mkuu akaifuata haraka. Mama mmoja mnene, mwuza mkaa, kucha nyeusi, alikuwa ameshafika mwisho wa kitambaa, pindo limenyooka.

"Huyu hapa!" alisema Mkuu. "Mnaona? Huyu alisoma somo."

Mwuza mkaa akasimama, akamgeukia Mama Pindo, akashika mikono kifuani.

"Nisamehe, Mwalimu. Mimi sikufuata. Ile ya kurudi nyuma mkono wangu uliikataa, nikaona niende mbele tu. Kwenye simu sikupata ua hata moja. Nilijua leo utanikuta na makosa."

Alikuwa anaomba msamaha kwa kupatia.

Basi Mama Pindo hakuweza tena. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, na kiti hicho kilikuwa kando ya wifi yake. Hakujipanga aseme nini. Alishika gurudumu la mashine ya wifi, akalivuta mbele, taratibu, mshono ukaanza, safi. Akakata uzi. Akalisukuma nyuma kidogo, akalivuta. Uzi ukakatika. Akakiinua kile kitambaa juu, wote waone upande wa chini.

"Hamjakosea nyie," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, Mkuu akamwambia arudie. "Hamjakosea nyie. Nimekosea mimi. Cherehani yangu mbovu, gurudumu limelegea, ndiyo maana mkono wangu unarudi nyuma. Binti wa katuni aliniuliza kama ni lazima. Nikamwambia ni siri ya fundi." Akameza mate. "Nilimdanganya. Niliona haya kusema mashine yangu mbovu."

Hakuna aliyezomea. Ingekuwa nafuu wangezomea. Mkuu wa chuo akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Na uzi, Mama?" aliuliza polepole. "Na sindano?"

"Nilijua si uzi. Tangu mara ya kwanza nilijua."

Mtihani ukaanzishwa upya. Hakuna aliyetolewa siku ile. Mikono mingine ilisahau ikarudi nyuma, wenyewe wakajizomea, "We mkono!" na kicheko kikaanza kutembea chumbani. Wifi alishona pindo lake mpaka mwisho. Hakucheka, wala hakumtazama Mama Pindo aliyekaa kando yake. Alipomaliza alikunja kitambaa mara mbili, akakikabidhi kwa Mkuu, akatoka nje.

Walirudi nyumbani kwa njia moja, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mama Pindo alisubiri asemwe, akatayarisha na majibu. Hakusemwa. Walipofika, kaka mtu akauliza, "Vipi mtihani?" Wifi akajibu, "Nimepita, kaka," akaingia jikoni. Basi. Chakula kilipoiva kaka akaita, "Mikono ya kupakua!" naye akaja na upawa wake.

Mama Pindo alikaa palepale mezani, na ile kweli aliyoitoa mbele ya chumba kizima cha wageni ikamkwama mbele ya watu wawili wa nyumbani. Alijiambia kesho. Kesho ikaja na mambo yake. Alisali, na kwenye sala alifika mahali fulani akaruka, kama mtu anayeruka dimbwi, na Mungu yuko palepale anamwona akiruka. Chuoni alikiri habari ya gurudumu. Neno la kupakua alilisema hapa, kwenye kiti hiki, na lilikuwa bado linatembea ndani ya nyumba kila mchana kwa miguu yake.

Binti mchoraji alirudi, safari hii akaelekezwa chuoni, kwenye mashine nzima. Mama Pindo alikwenda kumwomba radhi, akatarajia ataondolewa kwenye somo kabisa. Binti alikuwa ameinamisha kichwa, anafikiri.

"Mama, naomba nikuulize, ukikataa nitaelewa. Makosa ndiyo yanayofundisha kuliko vyote kwenye katuni hizi. Mtu akiuona mkono unakosea na uzi unakatika, hasahau. Ningependa ule mkono wako wa zamani nisiufute. Ubaki mwanzoni, kama mfano wa kosa. Ila kovu linajulikana. Naweza kulitoa."

Mama Pindo aliitazama mikono yake muda mrefu.

"Liache," alisema.

Somo jipya likaingia kwenye simu za watu mchana mmoja, wakati wanakula. Simu ya wifi ilikuwa mezani. Ikalia, akaifungua, na kaka yake akachungulia juu ya bega lake, mdomo umejaa.

"Ah! Si mkono wa mke wangu huu? Kovu hili hapa!" Akatabasamu, kisha uso ukabadilika. "Mbona unakatikiwa uzi? Mbona wameandika 'Kosa'?"

Wifi aliifunika simu kwa kiganja. Haraka, kama mtu anayefunika sufuria upepo usiingize vumbi.

"Mambo ya darasani tu, kaka. Kula."

Kumbe siku zote hizo hakumwambia. Angeweza kumwambia siku ileile, akapata ushindi wake mezani, wao ndugu wa tumbo moja. Alikuwa amemfichia Mama Pindo aibu yake. Yule aliyenyimwa hata mstari mmoja kwenye cherehani ndiye aliyekuwa amekaa anailinda heshima ya mwenye cherehani, huku anapakua.

Mama Pindo aliona uso unawaka mpaka masikioni. Akaitoa simu chini ya kiganja cha wifi yake, akamwekea mumewe mbele.

"Tazama vizuri. Ni mkono wangu, na ni kosa." Akamweleza yote, la gurudumu, la binti, la uzi na sindano. Mumewe akaacha kutafuna. "Na siku ile nilipomwambia dada yako mikono yake ya kupakua, alikuwa anafuata mkono huu. Kosa langu ndilo alilokuwa amelishika kitambaani, nami nikamchekea. Na wewe ukacheka kwa sababu nilikuchekesha mimi." Akamgeukia wifi, lakini macho hayakupanda zaidi ya kidevu. "Wifi, nisamehe. Nimelikalia hili neno siku zote hizi, na wewe ukaendelea kupakua."

Mumewe alikohoa. "Hata mimi," alisema, "lile neno nimelitumia sana." Akatazama sahani yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa.

Wifi akauchukua upawa, akaugeuza, akamnyooshea Mama Pindo mpini.

"Basi leo nipakulie wewe. Tuione mikono ya fundi."

Mama Pindo akasimama, akampakulia. Upawa ukagonga ukingo wa sahani, mchuzi ukamwagika kwenye kitambaa cha meza. Wifi alitazama lile doa, akaguna. Kiguno kilekile cha Mama Pindo, kimeigwa barabara, na mume mtu akainamisha kichwa asicheke.

Baada ya chakula Mama Pindo aliondoa kifuniko cha cherehani chumba cha mbele, akavuta kiti.

"Kaa," alisema. "Lakini ujue gurudumu limelegea. Fundi wa mashine anakuja, nimeshamwita. Kwa leo itabidi uanze kwa kurudi nyuma."

Wifi akakaa, akaweka kiganja kwenye gurudumu. Mama Pindo alisimama nyuma yake, mikono ameificha kwenye kanga.